Televisheni Iliyokufa Macho

Televisheni yetu ilikufa macho, mdomo ukabaki mzima. Jioni hiyo chumba kilikuwa kimejaa wapangaji wenzetu wa ploti waliokuja kuona mieleka, na jitu moja la kizungu lilikuwa limemnyanyua mwenzake juu ya kichwa likitaka kumbwaga. Hatukumwona akibwagwa. Picha ilijikunja, ikawa mstari, ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, halafu giza. Mtangazaji akaendelea kupiga kelele kama kwamba hakuna lililotokea. Watu wakalipiga sanduku makofi ya kubembeleza ubavuni, wakashauri antena ielekezwe upande wa Ngong, kisha wakaanza kuaga mmoja mmoja, kila mtu na kigoda chake. Mimi nilibaki pale na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya mieleka.

Nilikuwa namfikiria nyieka wangu kule Kisumu Ndogo, Kibera, jinsi atakavyofurahi akisikia.

Nyieka ndivyo wanawake walioolewa boma moja wanavyoitana kwetu upande wa Ziwa, wawe wana mume mmoja au wameolewa na ndugu wawili. Yeye aliolewa na kaka mkubwa, mimi na mdogo. Neno hilo lina undugu na neno letu la wivu, na waliolitunga walijua wanachosema. Kwetu mkubwa hutangulia kwa kila kitu. Yeye ndiye aliyeanza kulima, ndipo mimi nishike jembe. Yeye ndiye aliyevuna, ndipo mimi nionje mahindi yangu mwenyewe. Tulipohamia Nairobi nilidhani mambo hayo tumeyaacha huko kwenye mashamba, lakini yalipanda treni pamoja nasi. Mama mkwe akija mjini, sharti ale na kulala Kibera kwanza, kwa mkubwa, ndipo aletwe kwetu Kawangware. Sikuwahi kumwandalia hata chai ya kwanza.

Televisheni ndiyo iliyokuwa kitu pekee ambacho mimi nilikuwa nacho kabla yake. Mume wangu alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja huko Lavington, na mzungu huyo kazi yake ilipoisha akarudi kwao, akamwachia ile televisheni. Ilikuwa sanduku kubwa la mbao lenye miguu na milango kama ya kabati. Ililetwa kwa mkokoteni, na ilipoingia chumbani ilibidi meza itoke. Niliifumia vitambaa vyeupe vya kuifunika, vya juu na vya mlangoni, na ncha zake nikazitia wanga zisimame. Kaka mkubwa alipoiona aliuliza kama siku hizi wadogo ndio wanaotangulia. Mume wangu akajibu kwa heshima, "Sikununua, kaka. Nilipewa. Mtu akipewa, hajamruka mtu." Nyieka wangu alikunywa chai yake bila kugeuza kichwa upande wa kioo. Niliiona shingo yake ilivyokakamaa, na nakwambia chai yangu haijapata kuwa tamu kama siku ile.

Lakini si kwa ajili ya shingo ya nyieka tu kwamba niliipenda ile televisheni. Niliipenda kwa ajili ya mtoto.

Binti yangu wa kwanza nilimwacha nyumbani kwa mama mkwe mara alipoacha kunyonya. Ndivyo ilivyokuwa: mjukuu wa kwanza hukaa na dani, bibi yake, akikua amsaidie kuchota maji na kupalia, na mama hurudi mjini kwa mume. Hakuna aliyeniuliza kama moyo wangu umekubali. Mtoto alikua akimwita dani "mama". Nyieka alimwita Mama Mkubwa, kama inavyostahili. Na mimi, niliyemzaa, aliniita binti wa kijiji fulani, kijiji nilikozaliwa, kwa sababu ndivyo alivyomsikia dani akiniita. Hakukuwa na ubaya wowote ndani yake. Alikuwa akisema tu alilofundishwa, na kila akilisema nilihisi kama mgeni aliyekuja kuuza kitu mlangoni.

Nyieka alikuwa na wavulana watupu, na alimpenda mtoto wangu kwa uchu. Kila likizo ya Agosti, dani alipomleta mjini, nyieka alimsuka, akamshonea magauni, akampakata mpaka miguu ya mtoto ikaburuzika chini. Nilipokwenda kuwachukua alikuwa akinikabidhi mtoto kama anayeazimisha sufuria. Ila mwaka mmoja kabla televisheni haijafa, mtoto aliposikia kwamba Kawangware kuna sanduku lenye watu ndani, alilia aletwe upesi. Akakaa kwangu likizo iliyobaki yote. Kila jioni alisinzia mbele ya kioo, kichwa chake pajani pangu, na mimi nilibana mguu usitikisike hata ukifa ganzi. Najua alifuata televisheni. Sikujali. Mradi alikuja.

Sasa elewa kwa nini nilikasirika.

Mume wangu alimleta fundi kutoka stegi ya mabasi ya 46, mtu mcheshi aliyekuwa na kibanda kilichojaa redio zilizochokorwa matumbo. Alifungua mgongo wa sanduku, akapuliza vumbi, akagonga hapa na pale kwa kalamu.

"Sauti iko sawa," akasema. "Shida ni tyubu ya picha. Hii imeenda."

"Imeenda wapi?" nikamuuliza.

"Imeenda kabisa, mama. Na hii model siku hizi haiko. Lazima nitafute moja imekufa kitu ingine, nitoe tyubu. Inaweza chukua wiki, inaweza chukua mwaka."

Mama mwenye ploti, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni akichunga stima yake isiguswe ovyo, akacheka. "Si ununue mpya, mama. Hii ni sanduku ya maiti unaweka kwa nyumba." Yeye alizaliwa pale Kawangware, shamba lilikuwa la baba yake, na alizoea kuwatolea wapangaji ushauri ambao hakuombwa. Lakini siku hiyo nilimuunga mkono. Nilitaka mpya. Walipoondoka nilimwambia mume wangu hivyo, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua.

"Hatuwezi," akasema.

Nilidhani atataja pesa. Hakutaja pesa. Alisema kununua si kupewa. Kaka mkubwa hana televisheni. Yeye mdogo akienda dukani kwa miguu yake kuinunua, hapo atakuwa amemruka kaka mchana kweupe, na akisikia mama yake atasema nini? Kutengeneza ile ya zamani, sawa. Kununua, mpaka mkubwa anunue. Nilimwambia kwamba huko ni kulima, hii ni televisheni. Akasema hajasikia mahali ambapo mila iliacha televisheni nje. Nililala nimemgeuzia mgongo.

Basi mkubwa akanunua. Habari aliniletea mwanamke anayeuza omena, dagaa wa kwetu, maana yeye hutembea Kibera na Kawangware na karai lake na hajui kuficha kitu. Sikungoja Jumapili. Nilivuka barabara ya Ngong kwa miguu, nikateremka kupitia Kianda mpaka Kisumu Ndogo, na njia nzima nilijiambia kwamba kitakuwa kidude kibovu.

Hakikuwa kibovu. Kilikuwa kidogo, ndiyo, ungeweza kukibeba kwapani, lakini kilikuwa kipya, kina mpini juu na antena inayorefuka, na kwa kuwa huko hakukuwa na stima kilitumia betri ya gari. Betri yenyewe iliwekwa chini ya meza imevishwa kitambaa. Kitambaa hicho kilikuwa na mtindo wangu wa kufuma. Nyieka alikuwa ameuiga ua kwa ua. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba niliweza kuona vifungo vya shati la msoma habari.

"Karibu, nyieka," akasema. "Na yenu je? Nasikia bado inaongea tu, kama redio."

"Fundi anaimalizia," nikasema.

"Pole. Kubwa hivyo, na haioni!"

Aliniwekea chai, nami nikaiacha ipoe. Nikimwangalia anavyofuta kile kioo kwa ncha ya leso, polepole, kama anamfuta mtoto kamasi, niliiona Agosti yote mbele yangu. Niliwaza kichwa cha binti yangu pajani pake.  Ugonjwa wa wivu ulinishika pale nikashindwa hata kumsifu kwa uongo.

Nilirudi nyumbani na shauri jipya. "Sasa mkubwa amenunua. Njia iko wazi," nikamwambia mume wangu. Akakubali. Hata alikuwa ameanza kuulizia.

"Lakini isizidi yake," akasema.

"Isizidi vipi?"

"Ukubwa. Tununue kama ile, au ndogo kuliko ile."

Ndogo kuliko ile! Nilicheka mpaka mama mwenye ploti akachungulia. Kisha nikaangalia kile kitu chetu kikubwa kilichokufa macho, na akili ikanijia. Hicho kilikuwa kikubwa tayari. Kilikuwa kikubwa kabla ya chao, na tulipewa, hatukukinunua. Kikitengenezwa hakuna mtu duniani atakayesema tumemruka yeyote, na kile kidude cha kwapani kitaonekana kando yake kama kifaranga. Mimi niliyetukana siku zote hizo nikitaka mpya, nikageuka nikawa wakili wa kutengeneza. Mume wangu alinitazama kama anayetaka kunipima joto. Asubuhi yake akaenda 46 kumwambia fundi atafute tyubu popote ilipo.

Fundi alitafuta. Kila nilipopita kibandani aliniambia kesho. Aliisikia moja Kariobangi, ikawa ya model nyingine. Aliisikia nyingine Ngara, akaikuta imepasuka. Agosti ikafika na kioo changu bado ni cheusi, na nilikifunika kwa kitambaa ili nisijione humo ndani nikipita.

Dani na mtoto waliteremka kwenye treni wakapelekwa Kibera, kama sheria inavyotaka. Nilivumilia kidogo, nikaenda kuwasalimia. Niliwasikia kabla sijafika, kicheko cha chumba kizima. Mlango ulikuwa umezibwa na migongo ya majirani. Nilijipenyeza, nikamwona binti yangu chini kwenye mkeka, miguu yake imekunjwa, mdomo wazi. Alikuwa amerefuka. Nilimwita. Akageuka mara moja, akaniona, akasema kwa adabu, "Binti wa kijiji kile amekuja," akimwambia dani, si mimi. Kisha akarudisha macho kwenye kioo. Nyieka alikuwa nyuma yake, akimsuka, na mkono wake haukusimama.

Nilitamani betri ile imwage asidi yake yote sakafuni. Nasema ukweli. Nilitamani antena iume watu.

Siku zao za Kibera zilipokwisha, mtoto aliletwa Kawangware akiburura viatu. Mume wangu akahamia kulala kwa rafiki yake ploti ya pili, maana chumba ni kimoja na mtu mzima halali na mama yake chumba kimoja. Tukabaki wanawake watatu na lile sanduku. Mtoto alilizunguka, akainua kitambaa changu kwa kidole kimoja.

"Yenu inaonyesha?"

"Inaongea," nikasema.

Akakiachia kitambaa kikaanguka. Sitasahau kule kuanguka kwake.

Jioni, kwa sababu dani alitaka kujua kama kuna habari za mvua, niliiwasha. Habari zikaisha, ukaanza mchezo wa vichekesho, wa watu wa nyumba moja wanaogombana. Dani hakujua Kiswahili, na mtoto alijua kile cha shule tu, cha "hiki ni kiti". Nikaanza kuwaeleza kwa lugha yetu, bila kufikiri sana, huku nachambua mboga. Nikasema huyu anayefoka ni mume, ametoka kazini, tumbo limemtangulia mlangoni. Mtoto akanitazama.

"Umelionaje tumbo?"

"Sikiliza anavyohema."

Akasikiliza. Akacheka. "Na mke?"

"Mke ni mwembamba, amefunga leso mbili, moja ya kupikia na moja ya kugombania. Sasa ameficha nyama nyuma ya mtungi." Sauti ya mume ikauliza nyama iko wapi. Mtoto akapiga kelele, akafikiri nimejua kabla. Nilikuwa nimebahatisha, lakini sikumwambia. Alisogea. Akauliza nguo ya mume ni rangi gani, nikampa rangi. Kile kidude cha Kibera hakikuwa na rangi, kila kitu kilikuwa kijivu. Akauliza kama mtungi ni kama wa dani. Nikamwambia ndio wenyewe, hata ule ufa uko. Dani mwenyewe akaacha ugoro wake akasogeza kigoda.

Mtoto alinieleza baadaye kwamba huko kwa Mama Mkubwa alikuwa akiuliza wanasema nini, na watu wote wanamwambia nyamaza tuone. Kwangu hakukuwa na cha kuona, kwa hiyo hakuna aliyemnyamazisha. Kila jioni akawa ndiye anayenikumbusha saa. Niliwavisha wasoma habari makoti ya kila aina. Niliwanyoa, niliwaotesha ndevu. Wanamieleka niliwafanya wakubwa mpaka wakagusa mabati ya chumba chetu, na wanaoanguka niliwaangusha vizuri kuliko mzungu yeyote. Kichwa kikarudi pajani pangu, kizito kuliko mwaka uliotangulia.

Nyieka alikuja Jumamosi moja na mkate na sufuria ya samaki, kuwasalimia, alivyosema. Akamwambia mtoto, "Twende, mama. Leo kwa televisheni kuna mieleka, na betri nimechaji mpya." Mtoto akamtazama, akanitazama mimi.

"Nitakuja, Mama Mkubwa, lakini si leo," akasema. "Nataka nijue yule mwizi wa jana kama ameshikwa."

"Mwizi gani, na hii haionyeshi?"

"Yule wa kofia nyekundu."

Nyieka akatazama kioo cheusi, akanitazama mimi, na shingo yake nikaiona inakakamaa kama ile siku ya kwanza. Ule ugonjwa wangu nikauona umevuka barabara ya Ngong umeingia kwake, mzima mzima. Nilimwongezea sukari kwenye chai. Sitasema nilimhurumia.

Jioni ileile, yule mwizi akiwa ndio kwanza ananyata kwenye nyumba ya tajiri, mlango ukabishwa. Alikuwa mume wangu, uso umejaa furaha, na nyuma yake fundi amekumbatia kitu kilichozungushiwa blanketi.

"Tumepata!" akasema mume wangu. "Imetoka kwa seti kama yetu kabisa. Fundi anasema usiku huuhuu itaona."

Fundi akafunua pembe ya blanketi nione kioo, kinang'aa. Ndicho kioo nilichokililia tangu mieleka ile. Kikubwa kuliko cha nyieka, halali yetu, hakimruki mtu. Nyuma yangu, gizani, sauti za sanduku zilikuwa zinanong'ona, na nilijua kikiingia kile, hakuna atakayenihitaji kujua mwizi amevaa nini. Nilikuwa nimemwonea wivu nyieka mpaka nikachoka. Sikujua kwamba siku moja nitasimama mlangoni pangu nikikionea wivu kioo.

"Rudi nayo," nikamwambia fundi.

"Mama?"

"Rudi nayo. Hii yetu iko sawa."

Mume wangu alifungua mdomo. Ni yeye aliyemtuma fundi kuzunguka mji mzima kwa ajili yangu, na nilijua nitakuwa na mengi ya kumweleza. Lakini mtoto alikuwa amekaa wima kwenye mkeka, ananivuta pindo la gauni, hata hakugeuka kuona nani amekuja.

"Mama," akasema. "Mama, amefungua dirisha. Sasa anaona nini?"

Nikafunga mlango, wao wakiwa nje na tyubu yao, nikarudi kumwambia mwanangu anachokiona.